Kisanduku cha Shimanzi

Saa saba na robo usiku, Kisauni.
Upande wetu hauna stima, feni imekoma,
simu ndiyo mtandao wangu,
nami nimo kitandani, kompyuta mapajani,
nakiita kisanduku kilichoko ng'ambo ya daraja,
Shimanzi, ghala la chai, rafu ya juu,
kisicho skrini, kisicho kibodi,
kisicho hata tundu la kuchungulia.

Kinaumwa tangu Jumanne.
Kinapanda, kinafika katikati ya kuamka,
kinaanguka, kinapanda tena,
kosa lile lile, mstari wa kumi na moja,
kama mtoto aliyekariri vibaya
na hana wa kumkosoa.

Nikampigia Kadzo, bawabu wa zamu.
"Kisanduku gani, mwanangu? Hapa vipo vinne."
"Cha kijivu, chenye karatasi ya namba mbili."
"Kile kinachovuma kama nyuki?"
"Hicho hicho. Bonyeza kitufe, hesabu kumi, uachie."
Akahesabu Kigiriama, bila haraka,
handahu, fungahe,
mpaka nikadhani amesinzia.

Kimya. Halafu kwenye dirisha langu jeusi
takataka: vishale, nyota, herufi zilizovunjika shingo.
Mimi ndiye niliyekosea kasi.
Nikapunguza. Maneno yakakaa.

Na hapa ndipo ninapopapenda, sifichi:
kisanduku kisicho na lolote kichwani
kinasimama gizani na kupaza sauti
kwa yeyote, kwa wote:
*Sijui jina langu. Namba niliyochongewa kiwandani ni hii.
Yupo wa kunipa anwani?*
Hakioni haya.
Mie mtu mzima, nikipotea Mwembe Tayari
nitazunguka mara tatu kabla sijauliza.

Seva ya ofisini, Makupa, ikajibu:
*Wewe ni mia na arubaini na mbili. Njoo uchukue.*
Kikaanza kulishwa mfumo mpya.
Kijiko: nimemeza.
Kijiko: nimemeza.
Hakipewi cha pili hadi kikiri cha kwanza,
kikipaliwa kinarudishiwa kile kile.
Mama alinilisha uji wa mtama hivi hivi,
ila yeye alikuwa akifinya.

Kisha swali. Halikwepeki.
*Kila kitu kwenye diski kitafutwa. Una hakika?*

Nakala za mizani ninazo, za mnada ninazo,
za malori na magunia, zote.
Lakini Bakero, aliyekiwasha mara ya kwanza
kabla hajaenda Doha, kabla hajanyamaza,
aliacha mstari mmoja mlangoni,
pale mtu anapotia neno la siri:
hujala, wewe, kula kwanza.
Miaka sita nimeusoma kila nikiingia.
Mara nyingi nilikuwa sijala.
Nakala yake sikuwahi kuiweka. Nani huweka nakala ya salamu?

Nikaandika NDIYO.

Asilimia nne. Kumi na tisa. Ikagoma thelathini na moja,
nikalilaani bando, Kadzo akacheka simuni,
akasema anaziona taa: kijani, kijani,
na ya tatu kama chungwa. "Au niseme njano?"
"Sema chungwa."

Saa tisa kasorobo kikaamka,
kikaniuliza mimi ni nani.
Nikaingia. Nyumba haina hata msumari
wa kutundikia kanga.

Nikafungua faili la salamu.
Nilidhani mstari ule naujua kwa moyo.
Hujala, au ushakula? Bakero wa Kuze
angesema ushakula. Au ndiyo ninavyotaka aseme.
Kielekezi kinapepesa, kinapepesa.

"Mbona hakivumi tena?" Kadzo anauliza.
"Kimepona."
"Basi nikalale?"
"Uko zamu, bibi."
"Zamu, ndiyo," akasema, akakata.

Nikaandika *ushakula*. Nikahifadhi.
Si yake hasa, wala si yangu.
Nikaiweka kompyuta sakafuni
nikaenda jikoni gizani
kupapasa masufuria.